Kubadilisha Shokapu za Nyuma za Gari Dogo Nyumbani: Mwongozo Kamili

Shokapu haibebi gari. Uzito wa gari, wa abiria na wa mizigo hubebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuituliza springi hiyo baada ya kubonyezwa na shimo au tuta ili isiendelee kudunda. Ninaanza na jambo hili kwa sababu karibu kila hatua ya kazi tunayoieleza hapa inatokana nalo. Ndilo linalofanya shokapu za nyuma za magari mengi madogo zifunguliwe bila kugusa springi. Ndilo linaloeleza kwa nini gari lililolala nyuma haliinuki kwa kufungiwa shokapu mpya. Na ndilo linalotulazimisha kukaza bolti ya chini gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na si likiwa limening'inia hewani.

Ndani ya shokapu kuna pistoni iliyozama katika oili. Springi inapopanda na kushuka, pistoni huisukuma oili ipite katika vali zenye njia nyembamba, na kwa kuwa oili haiwezi kupita haraka, nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto ambalo hutoka kupitia ganda la chuma. Shokapu nyingi za siku hizi huwekewa pia gesi ya nitrojeni ili oili isitoke povu inapotikiswa kwa kasi, na hizo ndizo ambazo shafti yake hujitokeza yenyewe polepole ukiibonyeza na kuiachia. Sili ya juu ikichakaa, oili huvuja. Vali zikilika, oili hupita bila kizuizi. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, springi hubaki haina wa kuituliza.

Kuhakikisha kwamba kosa ni la shokapu

Dalili ya kwanza ambayo dereva huiona ni sehemu ya nyuma kuendelea kupanda na kushuka mara mbili au tatu baada ya kuvuka tuta, au gari kuyumba mkia kwenye kona yenye makorongo. Dalili ya pili iko kwenye matairi: tairi ambalo limekuwa likidunda juu ya barabara badala ya kuikanyaga kwa mfululizo hulika kwa mabonde, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi vilima na mashimo madogo kuzunguka tairi zima. Dalili ya tatu ni ile ambayo watu huipuuza ingawa ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni gari kuchukua umbali mrefu kusimama kwenye barabara isiyo laini, kwa sababu gurudumu lililo hewani halina breki hata kama pedi zake ni mpya.

Watu wengi hupima kwa kubonyeza kona ya gari kwa nguvu na kuhesabu midundo. Kipimo hiki kina ukweli wa upande mmoja. Gari likidunda zaidi ya mara moja na nusu kabla ya kutulia, shokapu imekwisha na hakuna haja ya kubishana. Lakini gari likitulia mara moja, bado si ushahidi kwamba shokapu ni nzima, kwa kuwa mkono wa mtu hauwezi kuleta kasi ile inayoletwa na shimo la barabarani. Ni bora zaidi kuinama na kutazama. Unyevu mwepesi wa oili uliochanganyika na vumbi karibu na sili ni wa kawaida. Oili iliyoteremka hadi nusu ya ganda au inayodondoka chini si ya kawaida kamwe. Tazama pia raba za juu na bushi ya pete ya chini, yaani mpira ulio ndani ya pete hiyo, kwa maana kelele ya kugonga mara nyingi hutoka kwenye raba iliyokatika na si ndani ya shokapu yenyewe.

Ikiwa malalamiko yako ni kwamba gari limelala nyuma hata likiwa tupu, simama hapo kwanza. Hilo ni tatizo la springi iliyochoka au kuvunjika, na shokapu mpya hazitalitatua.

Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, ya kulia na ya kushoto, hata kama iliyovuja ni moja tu. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha iliyochoka upande wa pili, magurudumu mawili ya ekseli moja yatatulia kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo huonekana pale ambapo huitaki kabisa, yaani unapokanyaga breki kwa ghafla au unapokwepa kitu.

Lijue gari lako kabla ya kushika spana

Mwongozo huu unahusu magari ambayo springi na shokapu za nyuma zimekaa mbalimbali. Huu ndio mpangilio wa magari mengi madogo yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele: kuna ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma na kujipinda kidogo upande mmoja unapopanda kuliko mwingine, springi imekaa kwenye sahani yake juu ya ekseli, na shokapu imesimama peke yake nyuma au kando ya springi. Volkswagen Golf ya kwanza ya mwaka 1974 ilikuwa miongoni mwa magari yaliyoieneza ekseli ya aina hii, ingawa springi zake za nyuma zilizivaa shokapu, na leo utaukuta mpangilio wa springi na shokapu kukaa mbalimbali katika Toyota Vitz, Honda Fit, Nissan March na mengine mengi ya ukubwa huo, isipokuwa baadhi ya matoleo yao yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Kuna magari mengine ambayo springi imezungushwa juu ya shokapu yenyewe na vyote viwili hutoka kama kitu kimoja. Toyota Corolla za miaka ya tisini, kama zile zenye namba za muundo AE100 na AE110, zina mpangilio huo nyuma. Ukiona springi imeivaa shokapu, usiendelee na mwongozo huu. Kuitenganisha springi hiyo kunahitaji vibanio maalumu vya springi, na springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Unaweza kuitoa shokapu nzima na springi yake kwenye gari ukaipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kubania, lakini usithubutu kufungua nati ya katikati ya juu ikiwa springi bado imebana.

Tazama pia jinsi shokapu ilivyofungwa juu. Katika baadhi ya magari, ncha ya shafti hupenya bodi na kutokea ndani ya buti au pembeni ya kiti cha nyuma, ikiwa imefunikwa kwa paneli ya plastiki au zulia, na hufungwa kwa nati moja au mbili juu ya raba. Katika mengine, kichwa cha shokapu kina kikalio chenye bolti mbili zinazofungwa kwenye bodi kutokea chini, ndani ya madigadi, nawe huna haja ya kugusa chochote ndani ya gari. Chini karibu zote zinafanana: kuna pete yenye bushi ya mpira, nayo hufungwa kwa bolti inayopita katikati au huvishwa kwenye msumari wa ekseli na kuzuiwa kwa nati.

Vifaa

Unahitaji jeki ya magurudumu, stendi mbili imara za kuegemezea gari, na jeki ya pili ya kuinulia ekseli; kwa kazi hii ya pili, ile jeki ndogo inayokuja na gari inatosha. Andaa kabari nne za magurudumu ya mbele, racheti yenye mpini mrefu pamoja na boksi zake, na spana za kawaida za saizi hizohizo kwa ajili ya kuzuia upande wa pili. Magari ya Kijapani hutumia zaidi milimita 12, 14, 17 na 19, na ya Kiulaya hutumia zaidi 13, 16, 18 na 21. Ongeza brashi ya waya, oili ya kulainishia kutu, nyundo, bisibisi kubwa, koleo la kubana na kujifunga, miwani ya kukinga macho na tochi.

Kifaa ambacho watu hukiruka ni spana ya toki, ile inayoonyesha au kulia inapofikia nguvu uliyoipanga. Kiazime ikiwa huna. Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni mita, na kwa kukisia, nyutoni mita 100 ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 20 mwishoni mwa mpini wa nusu mita. Mkono uliochoka huamini kwamba umefika hapo wakati haujafika, na mkono wenye hasira huvuka na kukata bolti. Viwango vya gari lako vimo katika kitabu chake cha matengenezo. Vitafute na kuviandika kwenye karatasi kabla ya kuanza, kwa sababu vinatofautiana kati ya gari na gari na havikisiwi.

Jioni ya siku iliyotangulia, ingia chini ya madigadi ukasugue kwa brashi ya waya meno ya bolti za chini yanayoonekana, kisha zinyunyizie oili ya kulainishia kutu. Fanya vivyo hivyo kwa nati za juu. Rudia asubuhi. Dakika hizi kumi zinaweza kukuokolea saa nzima ya kuhangaika na msumeno.

Kisha ziweke shokapu mpya mbele yako uzikague. Linganisha kipenyo cha tundu la pete na unene wa bolti, upana wa pete na nafasi inamokaa, unene wa meno ya shafti, na urefu wa shokapu ikiwa imevutwa hadi mwisho. Muuzaji anaweza kukupa shokapu ya gari la jina lako lakini la mwaka mwingine. Ni afadhali kuligundua hilo gari likiwa bado linaweza kutembea.

Kulinyanyua gari

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa makosa mengine yote ya kazi hii yanarekebishika na la hapa halirekebishiki.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, juu ya zege au lami isiyolainika kwa jua. Kumbuka kwamba breki ya mkono huzuia magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo utakayoyainua. Kwa hiyo mara tu yanapotoka ardhini, breki ya mkono haizuii tena gari lisitembee. Kinacholizuia ni magurudumu ya mbele. Weka gia ya kwanza, au P ikiwa gari ni la otomatiki, kisha sukumia kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu la mbele.

Kabla ya kuinua, chukua futi ya kupimia na upime umbali kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, kulia na kushoto, na uandike. Kipimo hiki ndicho kimo ambacho gari hukaa nacho linapobeba uzito wake, nasi tutakihitaji mwishoni. Baada ya hapo legeza nati za magurudumu nusu mzunguko tu, gari likiwa bado chini.

Inua kwa jeki mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, ambapo kwa kawaida ni kwenye ukingo ulioimarishwa wa bodi mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Usiinue kwa kuweka jeki katikati ya ekseli, maana ekseli ya aina hii ni nyembamba hapo katikati, na watengenezaji wengi hawaruhusu ibebe gari kwa namna hiyo. Weka stendi chini ya sehemu iliyoimarishwa, teremsha gari taratibu hadi uzito wote ukae juu yake, kisha fanya upande wa pili. Likishakaa juu ya stendi zote mbili, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya. Toa magurudumu na uyalaze chini ya bodi, moja kila upande, ili hata stendi ikiteleza pabaki nafasi ya mwili wa mtu.

Usitumie matofali wala mawe kama stendi. Tofali halionyi kabla ya kupasuka. Hubeba dakika ishirini vizuri kabisa kisha husagika kwa mara moja. Wala usiingize kichwa au kifua chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde za kuokota nati, kwa kuwa jeki ya mafuta hushuka sili yake ikiachia na ile ya skrubu hulala ubavu.

Kufungua ya zamani

Fanya upande mmoja hadi umalize, ndipo uende wa pili. Katika magari haya, shokapu ndiyo kamba inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi gurudumu linapokuwa hewani. Ukizifungua zote mbili kwa pamoja bila kuikinga ekseli, inashuka, springi inachomoka kwenye sahani yake, na paipu za mpira za breki pamoja na nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) zinabaki zikibeba uzito ambao hazikuumbwa kuubeba. Paipu ya breki iliyovutwa hivyo inaweza kuonekana nzima kwa nje huku imechanika ndani.

Kwa hiyo weka ile jeki ya pili chini ya ekseli, karibu na sahani ya springi ya upande unaoufanyia kazi, pamoja na kipande cha ubao kati yake ili isiteleze. Iinue hadi ekseli ipande sentimita moja au mbili tu, kiasi cha kuitoa shokapu katika hali ya kuvutwa. Hutaki kuliinua gari litoke kwenye stendi.

Anza juu. Toa paneli au kifuniko ndani ya buti, piga picha ya mpangilio wa nati, washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) na raba kabla ya kugusa chochote, kisha fungua. Pakiwa na nati mbili, ya juu ni ya kuifungia ile ya chini, hivyo zuia ya chini kwa spana huku ukizungusha ya juu. Nati ikianza kuzunguka pamoja na shafti, tazama ncha ya shafti; ina pande mbili zilizochongwa bapa au tundu la pembe sita, na hapo ndipo unapoizuia kwa spana ndogo au kwa ufunguo wake.

Sasa nenda chini, zuia kichwa cha bolti kwa spana na ufungue nati kwa racheti ndefu. Bolti ikigoma kutoka baada ya nati kufunguka, ipandishe au iteremshe jeki ya ekseli kidogo kidogo, kwani mara nyingi inabanwa tu na uzito wa ekseli, na ukiupata usawa wake inateleza kwa vidole. Ishike shokapu kwa mkono wa pili, ibonyeze ili shafti itoke kwenye tundu la juu, na uitoe.

Nati na bolti zilizoganda

Gari lililoishi karibu na bahari au kwenye matope litakufikisha hapa, na ni sehemu inayowafanya wengi waiache kazi katikati.

Kwa nati ya juu ambayo pande bapa za shafti yake zimelika, una ruhusa ya kufanya kitu ambacho ni mwiko kwa shokapu mpya, nacho ni kuibana shafti yenyewe kwa koleo la kujifunga kutokea chini, chini kidogo ya bodi, baada ya kukisukuma pembeni kifuniko cha vumbi. Shafti itakwaruzika, lakini shokapu hiyo inaenda kutupwa. Ikishindikana, kata nati kwa msumeno wa chuma. Grenda hukata haraka zaidi, lakini cheche zake ndani ya buti hukutana na zulia, na katika magari mengi tangi la mafuta na mrija wa kulijazia haviko mbali na hapo. Mimi huchagua msumeno wa mkono na uvumilivu. Na usikaribie shokapu kwa moto wa gesi ya kuchomelea kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa ndani yake kuna oili na gesi iliyoshindiliwa.

Kwa bolti ya chini iliyoshikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, rudisha nati hadi ilingane na mwisho wa bolti ili kulinda meno, nyunyiza oili tena, kisha zungusha kichwa cha bolti mbele na nyuma kwa mwendo mfupi huku ukigonga. Kuigonga bila kuizungusha hupanua ncha yake na kuizidishia ugumu. Bolti ikitoka na kutu nyingi au meno yaliyoliwa, nunua nyingine ya ugumu uleule uliochapwa kichwani mwake, na usikubali bolti yoyote inayoenea tu.

Kuiandaa mpya

Shokapu iliyolala dukani huwa na hewa iliyoingia ndani ya chumba cha oili. Isimamishe shafti ikiwa juu, ivute taratibu hadi mwisho; igeuze kichwa chini, ibonyeze hadi mwisho; irudie mara nne au tano hadi uhisi uzito ulio sawa bila mahali panapolegea. Baada ya hapo iweke ikiwa imesimama mpaka uifunge. Ukiruka hatua hii, shokapu inaweza kugonga siku za kwanza nawe ukadhani umeuziwa mbovu.

Shafti mpya isiguswe kwa koleo, nyundo wala jiwe. Uso wake wa kioo ndio unaoteleza ndani ya sili, na mkwaruzo mdogo unaoweza kuuhisi kwa ukucha utaikata sili kila mara shokapu inapofanya kazi. Nimeona shokapu iliyofungwa asubuhi kwa koleo ikianza kulia machozi ya oili kabla ya mwezi kwisha.

Hamisha raba ya kuzuia mgongano na kifuniko cha vumbi kutoka kwenye shokapu ya zamani ikiwa mpya haikuja navyo. Raba iliyomong'onyoka nunua nyingine. Usiiache, kwa sababu bila raba hiyo shokapu itagonga chuma kwa chuma gari likiwa na mzigo.

Kufunga

Panga washa na raba ya chini kwenye shafti kulingana na picha uliyopiga, ipenyeze ncha kwenye tundu la bodi, na umwombe mtu aliye ndani ya buti aweke raba ya juu, washa na nati. Nati izungushwe kwa mkono tu kwa sasa. Ikiwa shokapu imekuja imefungwa kwa kamba, ikate wakati huu, ukijua kwamba itajirefusha yenyewe.

Elekeza pete ya chini kwenye nafasi yake na uutafute usawa wa matundu kwa kuinua au kushusha jeki ya ekseli. Tumia ncha ya bisibisi kuchungulia kama matundu yamelingana, na usitumie kidole, kwani ekseli ikiteleza kidogo itakikata. Paka meno ya bolti grisi kidogo ikiwa kitabu cha gari hakikatazi, ipenyeze kutoka upande ilikotoka, na ukaze nati hadi igusane tu na chuma. Nati zenye pete ya nailoni hazirudiwi, tumia mpya.

Sasa kaza juu. Nati ya juu inayokalia raba haihitaji nguvu kubwa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kukaza zaidi ni usalama zaidi. Kaza hadi kiwango cha kitabu huku ukizuia shafti isizunguke, kisha funga nati ya pili juu yake. Ukiona raba imefura na kutoka nje ya ukingo wa washa, umevuka. Usitumie bunduki ya upepo ya kukazia nati hapa, kwa kuwa huizungusha shafti kwa kasi ndani ya sili na pistoni. Zile zenye bolti mbili ndani ya madigadi, zinazokalia chuma juu ya chuma, hukazwa moja kwa moja kwa spana ya toki.

Hamia upande wa pili na urudie yote.

Bolti ya chini hukazwa gari likiwa na uzito

Bushi ya pete ya chini ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma katikati na pete kwa nje. Unapoikaza bolti, bomba lile hubanwa lisizunguke, na kuanzia hapo kila mwendo wa shokapu huupinda mpira. Ukiikaza gurudumu likiwa limening'inia, unauambia mpira kwamba pale ndipo pa kupumzikia. Ukilishusha gari, mpira unabaki umejipinda muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo linaupinda zaidi. Huanza kulia kama kitanda kikuukuu, kisha hupasuka. Seti ya kwanza niliyoifunga niliikaza hewani kwa sababu ilikuwa rahisi kuifikia, na bushi zote mbili zilichanika wakati shokapu zenyewe zilikuwa bado mpya.

Njia bora ni kurudisha magurudumu, kushusha gari hadi chini, kulisukuma mara mbili tatu ili likae vizuri, kisha kuifikia bolti kwa racheti ndefu kutokea nyuma. Katika magari mengi madogo mkono unafika bila kuingiza mwili chini. Pasipofikika, liache gari juu ya stendi na uinue ekseli kwa jeki, upande mmoja baada ya mwingine, hadi umbali kati ya katikati ya gurudumu na ukingo wa madigadi ulingane na kile kipimo ulichoandika asubuhi. Simamisha jeki mara tu gari linapoanza kujitoa kwenye stendi, na usilitoe kabisa. Hapo kaza hadi kiwango kamili.

Nati za magurudumu kaza gari likiwa chini, kwa kurukia nati ya upande mkabala kila mara. Toyota ndogo nyingi hutaka nyutoni mita 103, Honda 108, na Volkswagen zenye bolti tano 120.

Kulijaribu

Kabla ya kuondoka, angalia kwamba paipu za breki na nyaya za ABS hazikujizungusha popote, kwamba springi imekaa sawasawa kwenye sahani zake, na kwamba hakuna spana iliyosahauliwa juu ya ekseli. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa umesimama. Kisha endesha polepole mahali pasipo na magari, vuka tuta moja kwa kasi ndogo, na usikilize. Mgongo wa nyuma unapaswa kupanda mara moja na kutulia. Mlio wa kugonga kila unapovuka kitu kidogo hutokana karibu daima na nati ya juu iliyolegea au washa iliyowekwa upande usio wake. Gari linaweza kuonekana gumu kidogo kuliko ulivyozoea. Ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo, nawe ulizoea ulegevu wake kidogo kidogo.

Kwa magari yenye ekseli ya aina hii, kubadilisha shokapu pekee hakubadilishi mwelekeo wa magurudumu ya nyuma, hivyo hakuna haja ya kulipia alaimenti kwa sababu ya kazi hii. Matairi yaliyokwisha kulika kwa mabonde yataendelea kuvuma hata baada ya shokapu mpya, na usiichukue sauti hiyo kama ushahidi kwamba umekosea.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia kupima nati za magurudumu, bolti za chini na nati za juu kwa spana ya toki, kwa kuwa raba mpya hujikalia na nati inaweza kuonekana imelegea kidogo. Shokapu za zamani zisitupwe motoni wala kutobolewa bila kujua. Zipeleke zikiwa zimesimama na zimefungwa kwenye mfuko kwa wanaopokea vyuma chakavu, na uwaambie kwamba ndani yake kuna oili na gesi.